Printa ya Picha za Mandhari: Anza na Wino

Kwa miaka kadhaa picha zangu za mandhari ziliishia ndani ya kompyuta, nikizitazama mara mbili tatu kisha nikizisahau. Nilipoamua kununua printa ya picha ya nyumbani, nililinganisha mashine kwa kasi na kwa wingi wa nukta ulioandikwa kwenye boksi, na yote mawili hayakunifaa kitu, kwa kuwa mlima uliogubikwa na ukungu hauongezeki uzuri kwa kuchapwa ndani ya dakika mbili badala ya sita. Nilichopaswa kuuliza kwanza ni wino.

Printa za picha hutumia wino wa namna mbili. Upo ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, nao hupenya ndani ya karatasi na kutoa rangi kolevu zinazopendeza sana kwenye karatasi ya kung'aa. Canon PRO-200, yenye katriji nane, ni ya kundi hilo. Upo pia ule wenye chembe ndogo mno za rangi ambazo hubaki karibu na uso wa karatasi na kwa kawaida huvumilia mwanga kwa muda mrefu zaidi kabla ya kupauka. Canon PRO-300 na Epson P700 hutumia huo wa chembe. Kwa mandhari mimi huegemea wino wa chembe, ingawa ninakiri kwamba mtu anayechapa machweo ya rangi kali kwenye karatasi ya kung'aa peke yake anaweza kuridhika zaidi na ule wa kwanza.

Ndani ya kundi la wino wa chembe bado kuna la kuangalia, nalo ni kijivu. Printa ya rangi nne haina wino wa kijivu, hivyo hulazimika kukitengeneza kwa kutawanya nukta nyeusi au kwa kuchanganya rangi nyingine tatu, na mchanganyiko ukiyumba kidogo tu, ukungu wa alfajiri hugeuka kijani au waridi. Niliwahi kuchapa picha moja ya bonde kwenye printa ya namna hiyo, na mawe yaliyokuwa kivulini, ambayo kwenye skrini yalikuwa ya kijivu tulivu, yakatoka na wekundu kama yamepakwa udongo. Printa yenye wino wa kijivu na wa kijivu hafifu hupunguza sana tatizo hilo, na anga hupauka polepole kuelekea upeo wa macho bila michirizi.

Wino mweusi nao una mambo yake. Karatasi ya kung'aa huhitaji weusi wa aina moja na karatasi isiyong'aa huhitaji mwingine. Katika Epson P800 aina hizo mbili za wino mweusi zilipitia njia moja, kwa hiyo kila ulipobadilisha karatasi wino fulani ulimwagwa bure. P900 iliyoifuata imetenganisha njia hizo. Anayependa karatasi ya pamba isiyong'aa kwa picha za msitu na ya kung'aa kwa picha za bahari ataliona jambo hili mapema.

Kabla ya kulipa, jiulize unachapa mara ngapi. Printa yangu ya kwanza niliiacha bila kuigusa kwa miezi mitatu, na nilipoiwasha, ukurasa wa kukagua vitundu vya wino ulitoka na ngazi ya mistari ya samawati iliyokatika katikati kama meno yaliyong'oka. Nilisafisha kichwa cha kuchapia mara nne, na kila usafishaji ulikunywa wino, hadi katriji mbili zikaisha kabla sijapata picha hata moja. Sasa mimi huchapa angalau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Asiyeweza kufanya hivyo, kwa maoni yangu, ni nafuu apeleke kazi zake kwa mchapishaji.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni nyepesi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ambayo kwa pikseli 300 kwa kila inchi hufikia takriban sentimita 51 kwa 34. Karatasi ya A3+ ina milimita 329 kwa 483, na umbo lake linakaribiana na umbo la picha hiyo kuliko A4 au A3, kwa hiyo hukati sana mbingu wala ardhi. Printa ya A2 ni nzuri, lakini ni nzito na hudai meza yake yenyewe. Pima nafasi ya mbele na ya nyuma pia, kwa sababu karatasi nene mara nyingi huingizwa ikiwa imenyooka.

Picha zako za kwanza zikitoka na giza, usiirudishe mashine dukani. Mara nyingi skrini ndiyo inayong'aa kupita kiasi. Mimi nilipunguza mwangaza wa skrini yangu karibu nusu, nikaweka profaili ya rangi ya karatasi niliyoinunua, yaani faili inayoeleza jinsi karatasi hiyo inavyopokea rangi za printa, kisha nikachapa kipande chembamba kilichokatwa kwenye kivuli cha miti tu. Nilikipeleka dirishani mchana, na kwa mara ya kwanza majani yaliyokuwa ndani ya kile kivuli yalionekana moja moja.