Usingoje tumbo lionekane ndipo uanze kliniki

Kisumu, Siaya, Busia, wengi wetu huanza kliniki mimba ikiwa ya miezi mitano au sita. Hapo umechelewa. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti, na ingawa si kila njiti angezuilika, mambo kadhaa yanayomtoa mapema hutibika yakigunduliwa mapema. Nenda kabla ya wiki 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri ziara nane kwa kila mimba.

Kwetu ukanda wa ziwa, adui wa kwanza ni malaria. Vijidudu vyake hujificha kwenye kondo la nyuma, mama asisikie hata homa, huku mtoto akikosa chakula na hewa. Ndiyo maana unapewa fansida, dawa ya kukinga malaria, kuanzia wiki ya 13: vidonge vitatu kwa mara moja, unavimeza pale pale mbele ya nesi, hata kama hujala. Dozi hurudiwa baada ya wiki nne au zaidi, hadi ujifungue. Piga hesabu: ukianza wiki ya 13 unaweza kupata dozi saba; ukianza wiki ya 26 ni nne tu. Neti ulale ndani yake kila usiku hata hivyo. Anayetumia septrini kwa sababu ya virusi vya ukimwi hapewi fansida, kwa kuwa zote zina salfa. Na kama ulinunua foliki asidi ya miligramu 5 dukani, mwambie nesi, kwani huipunguzia fansida nguvu. Ile ya kliniki, miligramu 0.4 pamoja na madini ya chuma, haina shida.

Vidonge hivyo vya kuongeza damu usivimeze na chai, chuma hakitaingia mwilini vizuri. Odowa nayo, yale mawe laini ya udongo ya kutafuna, tafadhali, iache.

Kipimo kinachodharauliwa sana ni mkojo. Bakteria wanaweza kukaa humo bila kukuchoma wala kukuuma, kisha wapande hadi kwenye figo na kuamsha uchungu kabla ya wakati. Nawa kwanza, acha mkojo wa mwanzo uende, kinga wa katikati. Ukipewa dawa, imalize hata kama hujisikii mgonjwa. Damu nayo hupimwa kaswende, ambayo sindano ya penisilini huitibu.

Halafu presha. Ikifika 140/90 ni ya kufuatiliwa, na ikiwa mkojo una protini pia, huenda daktari akalazimika kumtoa mtoto mapema ili kuokoa maisha. Kama iliwahi kukupanda kwenye mimba nyingine, au umebeba mapacha, sema siku ya kwanza: daktari anaweza kukuanzishia aspirini ya miligramu 75 kila siku, na hiyo hufaa ikianzwa kabla ya wiki ya 20.

Fanya skani kabla ya wiki ya 24, kwa maana baadaye haikadirii umri wa mimba vizuri. Tumbo likikaza na kuachia mara kwa mara kabla ya wiki 37, maji yakivunjika au ukiona damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Kati ya wiki 24 na 34 kuna deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto: sindano nne za miligramu 6, kila baada ya saa 12. Inahitaji muda kabla hajazaliwa, na daktari hawezi kuiamua bila kujua wiki zako. Beba kitabu cha kliniki.