Si kisonono, si kichocho: damu yangu ilitoka figoni

Mke wangu hucheka nikisema ugonjwa wangu niliugundua mwenyewe, daktari akaja kuuthibitisha tu. Acha acheke. Wenye makoti meupe walikuwa wameshakosea kabla yangu.

Ilianza baada ya mechi ya wazee huko Eastleigh, jua la utosi na maji sikunywa. Jioni mkojo ulitoka mwekundu kama Vimto ya futari. Kukojoa hakukuuma, ila ubavu wa kushoto ulikuwa mzito. Kijana wa duka la dawa mtaani kwetu Pangani hakutaka hata kusikia habari ya ubavu. Aliuliza kwa sauti, "Mzee, wikendi ulipita wapi?" na mke wangu yuko nyuma yangu kwenye foleni! Akaniuzia antibiotiki za kisonono, juu yake diklofenaki ya maumivu. Hiyo diklofenaki, nilikuja kuambiwa, figo kama yangu haifai kupewa kabisa.

Kliniki ya pili waliposikia nimezaliwa Kwale, kesi ikaisha: kichocho. Siwalaumu sana, kwetu kipo kweli na utotoni mabwawa tuliyaoga yote. Lakini mkojo waliuchukua alfajiri, na mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Hawakuona yai, wakanipa prazikwanteli hivyo hivyo. Nikameza. Damu ikaendelea.

Hapo nikampigia shangazi, nesi mstaafu. Akasema, "Mwanangu, usikojolee chombo kimoja. Gawa mara tatu." Basi nikachukua gilasi tatu za mke wangu, zile za wageni, nikajifungia bafuni. Kugawa mkojo bila kumwaga, na mkono mmoja unabadilisha gilasi, ni kazi ya mwanasarakasi. Nilipomaliza nikazipanga dirishani kwenye mwanga nikazitazama kwa fahari. Damu ikiwa kwenye gilasi ya kwanza peke yake, inatoka kwenye njia ya mkojo huku chini. Ikija mwishoni, mshuku shingo ya kibofu au tezi dume, na kichocho nacho hupenda kujionyesha mwishoni. Zangu zilikuwa nyekundu zote tatu sawasawa, na katika moja mlikuwa na madonge marefu membamba. Shangazi aliposikia habari ya madonge akanyamaza kidogo, kisha akasema hayo yamefinyangwa na mrija unaoshuka kutoka figoni. "Kamuone daktari wa figo na mkojo, na umwambie habari ya mtoto wa dada yako."

Gilasi hazikurudi kabatini.

Mtoto wa dada yangu ana selimundu. Mimi nina chembe moja tu ya kurithi ya ugonjwa huo, kutoka kwa mzazi mmoja, ndiyo wanayoiita AS, nilijua tangu vipimo vya ndoa, na kila mtu alikuwa akiniambia AS haina shida, tena inakukinga na malaria kali. Ya malaria ni kweli. Lakini daktari alinieleza kwamba katikati ya figo oksijeni ni haba, kuna asidi na chumvi imekolea, kwa hiyo hata seli nyekundu za damu za mtu wa AS zinaweza kujikunja mundu mle na kuziba mishipa midogo. Ncha za ndani za figo zikikosa damu, zinakufa na kuvuja. Mara nyingi ni figo ya kushoto.

Kabla ya kukubali, aliniuliza kama nimekula bitiruti, kama natumia rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayogeuza mkojo rangi ya machungwa. La. Akaniingiza kamera kibofuni, na hiyo sitaisimulia sana, ila niliona kwenye skrini damu ikiruka kutoka tundu la mrija wa figo ya kushoto, la kulia linatoa mkojo safi. Ikafuata siti skani, iliyokula pesa ya kodi ya nyumba na kitu juu. Nilinung'unika mpaka aliponiambia kuna saratani adimu ya figo, iliyoelezwa mara ya kwanza 1995, inayowapata hasa vijana wenye chembe hii. Ndiyo maana mtu wa AS akikojoa damu hupigwa picha hata damu ikiacha yenyewe. Yangu ilikuwa ncha za figo tu.

Dawa? Kulala na maji, maji, maji. Nilitarajia kitu cha ghali zaidi. Damu ikafifia, ikaisha. Mpira nacheza bado, jioni, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni sigusi.

Mke wangu ni AA, yaani hana chembe hiyo, kwa hiyo wanetu hawawezi kupata selimundu yenyewe, lakini kila mmoja ana nusu ya nafasi ya kurithi chembe yangu. Tumewapima. Wa katikati anayo, na chupa yake ya maji ya shule sasa ni ya lita nzima.