Pampu ya mawimbi kwa tangi la samaki hapa Goma

Samaki wadogo wa miamba wa Tanganyika wanaotoka pande za Uvira, kina Tanganicodus na Eretmodus wanaorukaruka juu ya kokoto, hawataki mkondo wa upande mmoja kutwa nzima. Kwao ni ukingoni, wimbi linapopiga na kurudi. Pampu yao isukume, itulie, isukume tena. Wengi hununua pampu ya kawaida ya 220 V, wanaichomeka kwenye taima, na haichukui muda inaanza kukwaruza.

Tatizo liko kwenye mota. Rota ya pampu hiyo, yaani kile kipande kinachozunguka ndani, ni sumaku inayofuata 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde) za umeme wa ukutani, na kila inapowaka inaweza kuanza kuzunguka upande wowote. Zile zenye panga la kusukumia mbele zina kizuizi kidogo kinachoigonga rota hadi igeuke. Ndiyo hiyo tak-tak unayoisikia. Mara moja kwa siku haina neno. Kila dakika moja, kizuizi kinalika au mhimili wa kauri unapasuka. Wala usiifunge kwenye regulata ya feni, maana kasi yake hufuata Hz, si volti: ukipunguza volti rota inakwama na koili inapata moto. Iliyoandikwa 110 V 60 Hz iache dukani.

Inayofaa ni ya DC, yaani umeme wa aina ya batri, yenye kidhibiti chake, inayopanda kasi polepole. Kati ya 12 V na 24 V, chukua 12 V, kwa sababu batri na sola zetu ndizo hizo. Uliza kama kidhibiti kinavumilia 15 V, kwani batri inapochajiwa hufika 14.4 V. Kisha ijaribu ndani ya ndoo ya maji, isizunguke kavu: weka mawimbi, chomoa, subiri dakika moja, chomeka. Ikibaki kimya ikingoja ubonyeze kitufe, irudishe. Umeme utakatika na kurudi saa nane za usiku, nani ataamka kubonyeza?

Kwa tangi la sentimita 100 × 40 × 50, ukitoa mawe na nafasi ya juu unabaki na lita kama 170. Chujio la lita 800 kwa saa na pampu ya mawimbi ya 1,500 hadi 2,000 vinatosha. Anza na sekunde 5 za nguvu na 5 za utulivu. Maji yakianza kuyumba yote kwa pamoja na kupiga vioo, badilisha muda huo mara moja, la sivyo silikoni ya pembeni ndiyo itakayolipa.

Utulivu usiwe sifuri. Goma iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari; maji ya 25 °C hapa hubeba chini kidogo ya miligramu 7 za oksijeni kwa lita, wakati pwani hupita 8. Weka kasi ya chini asilimia 20 au 30, pampu iwe karibu na uso ili maji yakunjekunje. Chujio lenyewe usilizimezime kamwe: bakteria wake wanahitaji maji yenye oksijeni muda wote.

Batri ya 12 V 7 Ah ina Wh (wati-saa) 84, na ya risasi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 42. Pampu inayokula wastani wa W 6 itakwenda saa 7. Mawimbi yakishusha wastani hadi W 4, unapita saa 10.

Maji magumu huacha chokaa kwenye rota. Kila mwezi ifungue, iloweke nusu saa kwenye siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kisha isuuze.

Adui mwingine ni mchanga wetu mweusi wa volkano. Una chembe za chuma zinazovutwa na sumaku ya rota na kuchubua tundu lake. Kabla ya kuumwaga tangini, funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe ndani ya mchanga mkavu, ukung'ute pembeni, urudie. Ikiendelea kutoka na ndevu nyeusi, mchanga huo utumie kwenye maua.