Nilivyoisomea saa ya mwisho ya mashindano ya poka

Mashindano ya poka huamuliwa saa ya mwisho. Mwanzoni kila mtu ana kete tele, na blaindi, yaani yale madau mawili ya lazima yanayowekwa kabla karata hazijagawiwa, ni ndogo mno kumuumiza mtu. Lakini blaindi hupanda kila baada ya dakika kadhaa, watu wanatoka mmoja mmoja, na mkishabaki meza moja kila uamuzi unaweza kukutoa. Mimi huchezea kasino moja ya upande wa Nyali, mashindano madogo ya katikati ya juma. Wanaolipwa ni watatu tu: wa kwanza asilimia 50 ya mfuko, wa pili 30, wa tatu 20. Niliamua kuisomea saa ile ya mwisho peke yake, mengine nikayaweka kando. Hesabu nilikuwa nikizifanya kwenye simu nikisubiri feri Likoni, na pale muda wa kusubiri haukosekani.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni namna ya kupanga kete. Nazipanga kwa mafungu ya blaindi kubwa kumi. Blaindi kubwa ikiwa 2,000, fungu langu moja ni 20,000. Blaindi zikipanda, napanga upya papo hapo. Hivyo karata zangu mbili zinaponifikia nimeshajua nina uwezo gani, sianzi kuhesabu huku watu wananitazama. Kuna kipimo kingine nilichokipenda zaidi, cha Paul Magriel, bingwa wa backgammon (mchezo wa ubao na dadu) aliyecheza poka pia: gawanya kete zako kwa jumla ya kila kinachowekwa mezani kwa lazima katika mgao mmoja. Sema una 24,000, blaindi ni 1,000 na 2,000, na mwenye blaindi kubwa analipa 2,000 nyingine kwa niaba ya meza, kama ilivyo kwetu. Mezani pana 5,000. Kipimo chako ni 4.8. Dan Harrington, bingwa wa dunia wa 1995, ndiye aliyekieneza kipimo hiki, na kwake ukishuka chini ya 5 umeingia eneo jekundu: ama unatia kete zote, ama unatupa karata.

Ukubwa wa dau ukafuata. Nikiwa na kete za blaindi kubwa zaidi ya 15 hivi, napandisha mara mbili ya blaindi kubwa, au juu yake kidogo, basi. Wakati huo watu wanaogopa kutoka, kwa hiyo dau la mara mbili linawatupisha karata karibu sawa na la mara tatu, na mtu akinijibu kwa kutia zote nimepoteza kidogo. Dau la katikati silitaki kabisa. Mwenye blaindi 9 akipandisha 4, kisha mwingine akatia zote juu yake, anatakiwa alipe 5 zilizobaki ili agombee kete za blaindi 20 na ushei zilizo mezani. Kwa bei hiyo karata takriban zozote lazima aitike, yaani alipe abaki mchezoni. Afadhali angetia zote 9 tangu mwanzo, watu wapate nafasi ya kutupa.

Nafasi hiyo ya kutupiwa ndiyo moyo wa jambo lote. Chukua blaindi 10, umekaa kiti cha mgawaji, kinachofuatwa na wenye blaindi wawili tu, na waliokutangulia wametupa. Mezani pana 2.5: blaindi ndogo nusu, kubwa moja, na moja ile ya niaba ya meza. Unatia zote 10. Tuseme karata zako ni hafifu, ukiitikiwa unashinda asilimia 35 tu. Kila ukiitikiwa unapoteza wastani wa karibu 2.5, na kila wakitupa unapata 2.5. Maana yake wakitupa nusu ya mara umetoka sare, na karata zenyewe hazikuwa na maana. Anayeitika hana bahati hiyo. Yeye njia yake ni moja tu: karata zikifunuliwa zote, zake ziwe bora. Ndiyo sababu mfalme na saba naweza kuzitia kete zote nikiwa wa kwanza kuingia, na karata hizohizo nikazitupa bila kufikiri mara mbili mtu mwingine akinitangulia.

Hayo nilikuwa nimeshayazoea. Kazi ngumu ilikuwa ile hali ya kubaki wanne huku wanaolipwa ni watatu, na usiku mmoja ndio ulionifungua macho.

Mfuko ulikuwa shilingi 60,000, kwa hiyo 30,000, 18,000 na 12,000. Mbele alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa bandarini, ana kete 50,000. Mimi nilikuwa na 24,000, jirani yangu 22,000, na wa nne alibakiwa na 8,000, blaindi nne tu. Blaindi ni zile 1,000 na 2,000, na kubwa ilikuwa kwangu. Mwenye kete chache akatupa. Mzee, kiti cha mgawaji, akazisukuma zote mbele kwa viganja viwili, polepole. Jirani akatupa. Nikainua pembe za karata zangu: ree ya kopa, karata ya juu kuliko zote, na malkia wa shupaza.

Kwa hesabu ya kete peke yake ningeitika mbiombio. Nililazimika kuongeza 20,000 zilizonibakia ili kugombea 47,000, yaani nilihitaji kushinda asilimia 43 tu, na ree na malkia dhidi ya mzee anayesukuma karata nyingi wanashinda kuliko hapo. Nilikaa nazo kidogo, nikamtazama yule mwenye blaindi nne, nikatupa.

Mapumziko tukatoka nje kunywa kahawa chungu. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, ulitupa nini pale?"

"Ree na malkia, mzee."

"Karata hiyo haitupwi."

"Tukiwa wanne, wanalipwa watatu, hutupwa."

Hakukubali, na mimi sikuwa na tarakimu za kumwonyesha. Nilizifanya baadaye nikiwa nyumbani, kwa modeli inayoitwa ICM (Independent Chip Model). Mason Malmuth aliieleza kwa wachezaji wa poka mwaka 1987, na fomula yake ni ileile ambayo mwanatakwimu David Harville aliichapisha 1973 akikadiria mbio za farasi. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza inahesabiwa sawa na fungu lako katika kete zote zilizopo mezani. Kisha unamwondoa aliyekuwa wa kwanza, unagawa tena kwa waliobaki kupata wa pili, na kuendelea hivyo. Mwisho unazidisha kila nafasi na malipo yake, unapata thamani ya kete zako kwa shilingi.

Yangu yalitoka hivi. Nikitupa, kete 20,000 zilizobaki zina thamani ya takriban shilingi 14,800. Nikiitika nikashinda, ninakuwa na kete 47,000 zenye thamani ya takriban shilingi 21,400. Nikiitika nikashindwa, sina kitu. Tazama hapo: kete zimezidi mara mbili, shilingi hazikuongezeka hata kwa nusu. Gawanya 14,800 kwa 21,400. Nilihitaji kushinda asilimia 69, si 43. Na hata kama mzee angekuwa anasukuma bila kutazama karata zake, ree na malkia wa rangi tofauti wanashinda kama asilimia 64. Ree na mfalme, karibu 65. Wote ni wa kutupa. Ningehitaji jozi kubwa.

Nilifurahi sana kuona hivyo, kwa sababu hesabu ileile inaeleza alichokuwa akikifanya mzee, ajue asijue. Mwenye kete nyingi zaidi hawezi kutolewa na yeyote kwa mgao mmoja, wakati sisi wa katikati tunamngojea mwenye blaindi nne atutangulie kutoka. Kwa hiyo yeye anatia zote kwa karata pana, na sisi tunalazimika kuitika kwa karata chache mno. Siku hizi nikiwa mimi ndiye mwenye rundo kubwa hapo, natia kwa wale wa katikati karibu kila nikipewa nafasi, na kwa mwenye kete chache nakuwa mwangalifu. Yeye blaindi kubwa ikiwa kwake ameshalipa nusu ya alicho nacho, ataitika kwa lolote, na ile nafasi ya kutupiwa haipo.

Usiku ule wenyewe uliendelea. Mgao uliofuata nilimtilia huyo mwenye kete chache nikiwa na mfalme na tisa, akaitika kwa ghulamu na sita, akapata jozi ya sita, akashinda. Uamuzi ulikuwa sawa, na ningeurudia. Jirani yangu ndiye aliyetoka wa nne, na hapo shingo zikalegea, kwa kuwa kila aliyebaki ameshalipwa na bei ya kutoka imeshuka.

Tulipobaki wawili, mimi na mzee, hesabu ya ICM haikuwa na kazi tena. Kila mmoja ana 18,000 zake tayari, na zile 12,000 zinazogombewa zinafuata kete moja kwa moja, kete kwa shilingi. Nilikuwa na 40,000, yeye 64,000, blaindi 2,000 na 4,000. Akatia zote. Bei yangu ilikuwa asilimia 42, nilikuwa na ree na tano, nikaitika papo hapo. Akafunua mfalme na ghulamu. Nilikuwa mbele kidogo hadi karata ya mwisho, ikawa mfalme wa pau. Nikampa mzee mkono, nikachukua 18,000 zangu, nikamwandikia zile tarakimu kwenye karatasi wiki iliyofuata. Sasa tunabishana kuhusu jozi ya kumi.