Aliyepekua Mifuko Naye Ameua?

Ukiiweka filamu ya Chicago Joe and the Showgirl kwenye kibanda cha video, VJ, yule anayeitafsiri filamu papo hapo, aonywe mapema kuhusu neno taksi. Kampala taksi ni ile ya abiria 14 na kondakta wake. Gari la George Heath, dereva anayeuawa, lilikuwa Ford V8 la kukodi, yaani spesho haya. Bila kulisema hilo, mtazamaji hataelewa dereva alijikutaje peke yake usiku na watu wawili asiowajua.

Filamu ni ya mwaka 1990, imeongozwa na Bernard Rose. Kiefer Sutherland ni Karl Hulten, Emily Lloyd ni Elizabeth Jones. Kesi ya kweli inayosimuliwa ni ya London, Oktoba 1944, makombora ya Ujerumani ya V-2 yakianguka na taa za barabarani zimefifizwa. Walikutana tarehe 3 mgahawani Hammersmith. Mwanamume akajiita luteni Ricky Allen, jambazi wa Chicago. Kumbe askari wa kawaida mtoro wa jeshi la Marekani, mzaliwa wa Uswidi aliyekulia Massachusetts. Jones, miaka 18, akajiita Georgina Grayson. Majina yote mawili ya uongo! Rose amelishika hili vizuri kwa kutuingiza katika ndoto za msichana huyo.

Ila ndoto hizo zinaufunika ushahidi, na kwangu ushahidi ndio utamu wa kesi hii. Heath alipigwa risasi usiku wa kuamkia tarehe 7, mwili ukatupwa mtaroni karibu na Staines. Walipata takriban pauni 8. Hulten akaendelea kuliendesha gari lile lile, hapo ndipo alipojimaliza: namba RD 8955 ilikuwa imeshasambazwa kwa polisi. Tarehe 9 askari wa doria akaliona limeegeshwa Fulham. Wakavizia, Hulten akaja kulichukua, wakamkamata. Ili kujinasua akasema usiku ule alikuwa na Jones, na hivyo akawaonyesha polisi pa kwenda. Jones alihojiwa akaachiwa, kisha akamwambia polisi mmoja aliyefahamiana naye kwamba kama polisi huyo angeona alichokiona yeye Jones, asingepata usingizi. Hakuna aliyemlazimisha.

Sheria ya Uingereza ya 1942 iliruhusu jeshi la Marekani kuwashtaki askari wake lenyewe. Marekani ikaiachia haki hiyo, wote wawili wakashtakiwa pamoja Old Bailey, mahakama ya kiraia ya London, Januari 1945. Hapa Uganda, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2025, tunabishania raia kupelekwa mahakama ya kijeshi. Kule mwanajeshi ndiye aliyepelekwa kwa raia.

Kosa la mauaji lilikuwa na adhabu moja tu, kifo. Baraza la wazee wa mahakama liliwatia hatiani wote wawili, likaomba Jones ahurumiwe, lakini jaji hakuwa na njia nyingine, kama majaji wetu kabla ya kumalizika 2009 kwa kesi ya Kigula, iliyoondoa ulazima wa hukumu ya kifo. Hulten alinyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 8 Machi 1945. Jones alibadilishiwa adhabu siku mbili kabla, akatoka gerezani 1954.

Hakuvuta kifyatulio. Utetezi wake ulikuwa kwamba alimwogopa Hulten. Lakini Heath akiwa bado anakata roho, Jones alimpekua mifuko, na ndipo wanasheria wanapoiona nia ya pamoja, yaani kwamba naye alishiriki uhalifu ule. VJ akifika kwenye tukio la gari, anyamaze kidogo. Watu waitazame mikono ya Jones.