Mchuzi wa Mkia

Nilimwambia Anti waziwazi kwamba mkia wa ng'ombe ungetufilisi. Ilikuwa kiangazi cha 2016, mjini Toronto, na gari lake la chakula lilikuwa bado linanuka rangi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kwa muuza nyama, kwa hiyo risiti nilizisoma kabla yake. Zamani kule Jamaika, alivyonisimulia mwenyewe, mkia ulikuwa kitoweo cha wasio na kitu. Siku hizi kila mtu ameujua utamu wake na bei imepaa, na ukishaulipia hivyo, nusu ya ulichobeba ni mfupa.

"Sahani ya mkia tuweke dola 20," nikasema.

"15."

"Anti, kwa 15 hatupati kitu."

"Mwanangu, wewe katakata kabichi."

Nilimjua Anti kabla ya hilo gari. Nilipotoka Mombasa, kazi yangu ya kwanza ya kudumu Kanada ilikuwa kuosha vyombo katika mkahawa mmoja wa Eglinton Magharibi, ule mtaa ambao watu huuita Little Jamaica, na yeye ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Ujenzi wa reli ulioanza 2011 uliichimbua barabara ile, ikawa vizuizi na vumbi, wateja wakakosa hata pa kusimamisha gari. Mwenye mkahawa akavumilia, akachoka, akafunga. Kila mtu akaenda njia yake. Miezi ikapita, nikapigiwa simu: Anti amenunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, anataka mtu wa kumsaidia.

Pesa za gari hazikutoka benki. Wajamaika wana mchezo wa kupeana zamu kama ule wa mama zetu, wanauita pardner. Kila mmoja hutoa chake kila wiki na kila wiki mmoja hubeba fungu lote. Mshika fedha wa mchezo wao alikuwa shangazi yake Anti, bibi mmoja mkali, aliyeingia Kanada kwa ule mpango wa serikali ulioanza 1955 wa kuleta wanawake wa Jamaika na Barbados kufanya kazi za nyumbani. Bibi huyo ndiye aliyempa Anti zamu ya kwanza, akawanyamazisha walionung'unika.

Habari za leseni sitazirefusha. Kulikuwa na ukaguzi wa gesi, halafu akaja bwana afya, ambaye kwa kweli alikuwa dada wa makamo mwenye kipimajoto. Vipande vya kuku lazima vifike nyuzi 74 ndani, chakula cha moto kisishuke chini ya 60, cha baridi kisizidi 4, na sinki la kunawia mikono liwe tofauti na la vyombo. Tukapita, tukapewa karatasi ya kijani ya kubandika dirishani.

Kilichonisumbua ni ubao wa vyakula. Anti aliandika mkia, kuku wa mchuzi, wali wa maharage, kabichi na ndizi mbivu za kukaanga. Basi. Hakuandika jerk, ile nyama yao ya kuchoma yenye viungo vikali. Gari la Kijamaika bila jerk! Nikamuuliza kama amesahau. Akaniambia yeye ni mzaliwa wa Portland, karibu na Boston Bay, ambako watu huchoma nyama kwa kuni za mpimento, ujuzi wa Wamaroon, watumwa waliowatoroka mabwana zao wakajificha milimani. Kuku wa jiko la gesi ni kuku tu, akasema, na hatamwita jina lingine mbele ya watu wa kwao. Nikaona hapo sasa tumekwisha kabla hatujaanza. Kitu ambacho kila mgeni anakijua hatuna, na tulicho nacho tunakiuza kwa hasara.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza tulipika katika jiko la kukodi, maana sheria haikuturuhusu kupika nyumbani. Mkia ulikuwa umelala na viungo tangu jana yake: vitunguu vya majani, saumu, thaimu, pilipili mbuzi, na zile punje za mpimento zinazofanana na pilipili manga lakini harufu yake inakaribia karafuu. Akaunguza sukari ndani ya mafuta mpaka ikawa nyeusi yenye povu, akatumbukiza vipande, jiko zima likavuma. Halafu maji, moto mdogo, kwa muda wa saa tatu. Maharage bapa meupe yaliingia mwishoni.

Jambo moja lilinishangaza. Zile ncha nyembamba za mkia, ambazo huwezi kumpakulia mtu mzima akazikubali, alizitenga, akazichemsha katika sufuria ya pili kubwa kuliko ile ya kwanza. Maji tele, nyama kidogo. Nikadhani ni chakula chetu sisi wafanyakazi, nikafurahi.

Wali ulinipeleka kwetu moja kwa moja. Tui, maharage mekundu, mchele, na pilipili mbuzi nzima ikielea juu, yenye kikonyo chake, isipasuke. Hata onyo lake lilikuwa la mama yangu: ole wako uikoroge. Tofauti ni thaimu, na kwamba nazi yao ilitoka mkebeni, jambo ambalo sikulisifu wala yeye hakulisifu.

Kulipokucha tukaegesha Scarborough, kwenye uwanja wa maghala ambao mwenyewe alitukodisha. Saa tano na nusu dirisha likafunguliwa. Mteja wa kwanza: "Jerk ipo?" Hakuna. Akaenda zake. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akanunua soda. Nikamtazama Anti, naye alikuwa akigeuza ndizi kana kwamba hasikii.

Kisha akaja mzee mmoja, dereva wa lori, amevaa kizibao cha manjano. Akausoma ubao mpaka chini, akanusa. "Kuku mmoja," akasema. Nikaanza kupakua. "Na mchuzi wa mkia juu ya wali."

Nikasimama na sahani mkononi. Kuku ana mchuzi wake, na mkia ni bei nyingine. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia mzee huyo aongeze hela, lakini Anti alishachukua upawa. Akachota kutoka sufuria ya pili, ile ya ncha, akamwagia wali mpaka ukabadilika rangi. Dola 10, bei ya kuku. Mzee alikula amesimama palepale, akatoa simu, akampigia mtu.

Baada ya hapo sikumbuki mpangilio. Walikuja kutoka kila ghala, Wajamaika kwanza, kisha Watrinidad waliolalamika kwamba hakuna roti lakini wakanunua, Wafilipino, Wasomali wawili walionisikia nikiongea nao Kiswahili cha Eastleigh, Nairobi, wakacheka. Ombi lilikuwa moja: kuku, na mchuzi wa mkia juu ya wali. Waliolipia mkia wenyewe walikuwa wachache, na chungu chao hakikuisha haraka. Trei za kuku ndizo zilizokuwa zikitoka moja baada ya nyingine, na kuku alikuwa na faida nzuri.

Saa nane kasoro sufuria ya pili ikakauka. Mama mmoja akafika dirishani, akaagiza kuku, akaomba mchuzi. Nikamwambia umekwisha. "Basi nitakuja kesho," akasema, akageuka, na nyuma yangu kuku wa watu kumi na zaidi bado anatoa mvuke. Waliomfuata nao wakauliza, nao wakaondoka. Huyo kuku tulimla sisi.

Jioni nikapiga hesabu kwenye kiti cha mbele. Mkia peke yake ulikuwa umekula hasara, kama nilivyosema. Nikamwonyesha. Akakitazama kikokotozi, akabonyeza namba za kuku, akanirudishia bila neno.

"Sawa," nikasema, "basi mchuzi tuutoze dola moja." Alinitazama kama mtu aliyenisikia nikitukana msibani. Mpaka leo nashikilia kwamba 15 ilikuwa bei ya chini mno kwa sahani ya mkia, na tumegombana juu ya hilo mara nyingi. Lakini Jumatatu aliongeza kuku senti 50, akanunua sufuria nyingine ya mchuzi, akanitoa kwenye kabichi akanipa upawa.

"Na mtu akiomba," akaniambia, "mwagie. Usimtazame kama anakudai."