Nilivyopunguza kilo tisa bila kuinjika chungu cha pili

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na futi haitoki shingoni mwangu tangu asubuhi mpaka magharibi. Kwenye daftari langu la vipimo wamo wateja ninaowashonea tangu wakiwa wasichana, kwa hiyo jambo hili niliwaona nalo wengine kabla halijanifika mwenyewe. Mwanamke akishapita miaka arobaini na kitu, nyonga hubaki karibu zilezile, lakini kiuno kinapanda inchi baada ya inchi. Analeta gauni lilelile nimwachie mishono ya ubavuni, ananiinamia sikioni kama mwenye siri: "Fundi, mbona mimi wala sili sana?"

Wengi wao wanasema kweli. Hedhi inapoelekea kukoma, na kwa wengi wetu ni kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inashuka, na mafuta yaliyozoea kukaa mapajani na makalioni yanahamia tumboni. Misuli nayo inapungua kadiri umri unavyokwenda. Misuli inakula nishati hata ukiwa umekaa, hivyo ikipungua, chakula kilekile kilichokutosha ukiwa na miaka 30 kinakuzidi ukiwa na 50. Halafu kuna usiku: joto la ghafla, jasho mpaka shuka linalowana, unageuka mpaka adhana ya alfajiri. Aliyelala hivyo akiamka anataka kitu kitamu, na anakitaka sasa hivi. Nayataja haya mapema kwa sababu inaniuma kusikia wanawake wa umri wangu wakiitwa wavivu na walafi.

Hedhi yangu ilikoma kabisa nikiwa na miaka 50. Wakati huo nilikuwa na kilo 86 kwa urefu wa sentimita 158. Kliniki wakanipima presha ikasoma 148 kwa 94, na sukari asubuhi kabla sijala kitu ikasoma 6.4. Kisukari kinahesabiwa kuanzia 7, kwa hiyo nilikuwa bado sijafika, ila njia nilikuwa nimeshaishika. Muuguzi akanionyesha na namna ya kupima kiuno. Sisi mafundi tunapima pale penye wembamba ili nguo ikae. Wao wanapima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, futi ikiwa imegusa mwili bila kubana. Changu kilikuwa sentimita 104, inchi 41 kwa lugha ya kazini kwangu. Kwa mwanamke, ikizidi 80 ni ya kuangaliwa, na ikizidi 88 hatari ya moyo na sukari inakuwa kubwa. Mafuta ya huko ndani hayakai tu chini ya ngozi, yanazunguka ini na utumbo, na ndiyo yanayoufanya mwili ushindwe kuitumia insulini vizuri.

Nikapewa karatasi ya mlo. Imeandikwa vizuri, lakini ilikuwa na shayiri ya pakiti, tufaha, mkate wa ngano nzima na kidari cha kuku wa kuchoma. Nyumbani kwangu tunakula watu sita, na pesa ya soko naijua mimi. Nikafikiria nipike changu pembeni, nikaona haiwezekani. Mama anayekaa kwenye cherehani mchana kutwa hawezi kurudi jioni akainjika vyungu viwili. Na hata angeweza, kwa nini mume wangu na wanangu wabaki na mafuta na sukari ambavyo mimi nimeambiwa vinaniumiza? Mama mkwe wangu alipooza upande mmoja kwa presha. Kwa hiyo nikaamua kinachobadilika ni chungu chenyewe, na wote tunakula humo humo.

Nilianza na mafuta ya kupikia. Siku moja kabla ya kukaanga kitunguu nilijaza upawa wangu mafuta kama kawaida, nikayahamishia kwenye kikombe kwa kijiko cha chakula, moja, mbili, tatu. Vilitoka vijiko sita. Kijiko kimoja kina kalori kama 120, kwa hiyo upawa ule mmoja ulikuwa na zaidi ya 700, na kwenye mchuzi wa siku ile ningeongeza nusu nyingine. Tangu hapo upawa haushiki mafuta. Naweka vijiko viwili kwa sufuria nzima, nakaanga kitunguu kwa moto mdogo na kufunika, kikianza kushika naongeza maji ya nyanya badala ya mafuta. Mchuzi unakuwa mzito vilevile, ni kiasi cha kuwa na subira na nyanya mpaka ziive.

Kazi kubwa ilikuwa nazi. Mtu wa Tanga ukimwambia aache nazi umemwambia ahame mji, na mimi sikuiacha. Ila nilitazama mlo wetu wa Ijumaa nikaona nazi imeingia mara tatu: kwenye wali, kwenye maharage, na kwenye samaki. Nikaweka sharti kwamba nazi inaingia mara moja tu kwenye mlo. Maharage yakiwa ya nazi, wali unapikwa mweupe na samaki anakuwa chukuchuku. Samaki akiwa wa kupaka, maharage yanaungwa kwa kitunguu na nyanya. Navunja nazi moja, nakuna nusu, nusu nyingine inabaki kwenye kifuu chake mpaka kesho. Maharage yanachemkia kwenye tui jepesi, na lile tui zito nalitia mwishoni kabisa, kikombe kimoja cha kahawa, kisha naepua. Kwa kuwa limeingia mwisho, harufu na ladha yake ndiyo unayokutana nayo kwanza mdomoni. Wiki ya kwanza mume wangu aliuliza, "Mama watoto, nazi zimepanda bei?" Nikamweleza habari ya presha yangu na ya mama yake. Akanyamaza, akala, na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Chukuchuku nayo nataka niisemee, maana naona wadogo zetu wanaisahau. Asubuhi pale Deep Sea, wanakoshushia samaki, vibua huwa rahisi, na kibua ana mafuta mazuri kwa moyo kuliko samaki wengi wa bei kubwa. Namsafisha, namkata, nampanga kwenye sufuria na nyanya zilizokatwa, kitunguu, kitunguu saumu, pilipili nzima bila kuipasua, na maji yasiyomfunika. Kikichemka nakamulia ndimu mbili. Ndimu, embe bichi au ukwaju vinanisaidia sana kwenye chumvi, kwa sababu ulimi ukipata uchachu hautafuti chumvi nyingi. Kwa siku nzima mtu hapaswi kuzidisha gramu 5 za chumvi, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo unahesabu hata ile iliyomo kwenye mkate na samaki mkavu.

Halafu kuna suala la sinia. Wataalamu wanakwambia gawa sahani yako: nusu mboga, robo wanga, robo samaki au maharage. Ni ushauri mzuri, ila sisi tunakula sinia moja, na kujitenga na sahani yako pembeni kunaleta maneno. Nilichofanya ni kupakua tofauti. Zamani wali ulijaa sinia nzima, mchuzi ukamwagiwa katikati na mchicha ukawekwa kwenye kibakuli cha kupitishana. Siku hizi mboga inakaa ndani ya sinia, mbele ya kila mtu, tembele au mchicha au bamia, na wali unakuwa kilima kidogo katikati. Kila mtu anakula upande wake kama adabu inavyotaka, na upande wake umejaa majani. Naanza na mboga na samaki, wali nauendea baadaye, na nikifika huko njaa imeshatulia. Siku za ugali tunasonga dona, na changu hakizidi ngumi yangu.

Asubuhi ilikuwa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili au kitumbua, tena saa nne nyingine na wateja. Sukari niliipunguza polepole mpaka ikaisha, nikizidisha iliki, mdalasini na tangawizi ulimi usijione umenyimwa. Soda niliiacha moja kwa moja, maana chupa moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko vidogo tisa. Chakula cha asubuhi sasa ni maharage kiporo, au yai na kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha. Nikila hivyo nafika adhuhuri nikiwa na nguvu, mikono haitetemeki nikitunga uzi. Wanawake wa rika letu tunaipuuza sana protini, kwa sababu kipande kikubwa cha samaki tumezoea kumwekea baba na watoto. Mwili unaopoteza misuli na mifupa unakihitaji kipande hicho. Kama pesa haitoshi, kuna kunde, choroko, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ambao wanakupa na madini ya chokaa.

Mwezi wa Ramadhani ndio ulikuwa mtihani. Watu hudhani funga inakondesha, lakini futari yetu unaijua: mihogo ya nazi, magimbi, ndizi mbichi za nazi, tambi za sukari, kalimati, na juisi ya kupoza koo. Kila mwaka nilikuwa naiona Idi nikiwa mzito kuliko Shaabani. Safari hii nilifungua kwa tende tatu na maji, nikaswali magharibi kwanza, kisha uji wa pilipili manga usio na sukari. Baada ya hapo wanga mmoja tu usiku huo, kama ni mihogo basi ni mihogo, pamoja na samaki na kachumbari. Tambi na kalimati nilizipika Ijumaa usiku, watoto wakazisubiri kwa hamu. Daku nikala chakula cha kushibisha, maharage na yai, badala ya chai na mkate. Mwezi uliisha nimepungua. Wenzangu mnaotumia dawa za sukari, hili la kufunga zungumzeni na daktari wenu kabla ya mwandamo, sukari kushuka mchana ni hatari ya kweli.

Baada ya swala ya alfajiri natoka na shoga yangu tunatembea mpaka njia ya Raskazone, kandokando ya bahari, hatua za haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nusu saa mara tano kwa wiki inatimiza zile dakika 150 zinazoshauriwa. Kutembea peke yake hakujengi misuli, kwa hiyo mchana nikimaliza nguo moja nasimama kitini na kukaa tena bila kujishika, mara kumi, na jioni nainua madumu ya maji ya lita tano, moja kila mkono. Magoti yaliyokuwa yakilia nikipanda ngazi yametulia.

Vitu vinavyouzwa kupunguza mwili, unga, vidonge na chai za kukata tumbo, sikuvigusa, na nakusihi usiviguse. Nyingi ya zile chai zinaharisha. Mzani unashuka kwa sababu maji yametoka, na ukinywa maji unarudi pale pale huku moyo na figo zako zimesumbuliwa bure. Mikanda ya kubana tumbo wateja wananiomba niwashonee. Nawashonea kwa ajili ya gauni la siku moja, na nawaambia ukweli kwamba mkanda unapanga nyama, haupunguzi.

Jambo ambalo hakuna karatasi ya kliniki inayokutayarishia ni maneno ya watu. Kwetu mwanamke aliyenenepa katulizwa na mumewe, na aliyepungua ana ugonjwa au ana mke mwenza. Wifi yangu alikuja nyumbani na ndizi mkungu mzima, akanifungia mlango wa chumbani: "Wifi, niambie tu. Unaumwa nini?" Nikamtolea kadi ya kliniki, tukaisoma pamoja mstari kwa mstari, presha ya mwanzo na ya sasa. Kisha nikachukua futi nikampima na yeye. Ilikuwa sentimita 97. Siku hizi naye anaungana nasi kutembea Raskazone. Kwenye shughuli nako wenye nyumba hukereka ukiacha pilau, basi naila, nakaa karibu na bakuli la kachumbari, na nikitosheka naosha mikono mapema ili mtu asiniongezee.

Kilo ziliondoka kwa mwaka na zaidi, kuna miezi mzani haukusogea hata kidogo wakati futi ilikuwa inashuka, na ndiyo maana naiamini futi zaidi. Sasa nina kilo 77 na kiuno cha sentimita 93, bado natafuta kushuka chini ya 88. Sukari ya asubuhi inacheza kwenye 5.4. Presha mara ya mwisho ilikuwa 128 kwa 82. Daktari amenipunguzia kipimo cha dawa ya presha, hajaniachisha, na kidonge changu nakimeza kila usiku kabla ya kulala.